Nyanya zinapondeka njiani? Chungulia uvunguni mwa gari, kisha vuta mkanda



Leo naomba tuache kidogo habari za kantangaze na bakajani, tuongelee gari. Najua kuna mtu ataguna kwamba bwana shamba kaishiwa mada. Vumilia. Nyanya ndizo zilizonipeleka uvunguni mwa gari, na kabla sijafika huko zilinigharimu jino la mbele.

Kuna kijana ninayemhudumia huku upande wa Ilula, Iringa. Analima nyanya ekari mbili za umwagiliaji na ana kirikuu, ile Suzuki Carry ndogo ambayo wengi wenu mnayo au mnaitamani. Aliinunua mkononi mwa mtu kwa hela ya msimu mmoja mzuri. Kazi yake ni kutoa matenga bondeni mpaka kwenye lami, ambako madalali wanapakia Fuso za Dar es Salaam. Ni kilomita 14 za vumbi, mawe na makorongo, halafu kipande kifupi cha lami.

Msimu uliopita akaanza kulalamika. Tenga likifika lami, dalali akilimwaga anakuta nyanya za juu safi, za katikati zimechubuka, za chini maji matupu. Anakata bei, au anakataa kabisa. Dogo akanipigia simu: "Bwana shamba, hii mbegu uliyonishauri ni laini sana."

Nikafanya nilichofundishwa chuoni. Nikamwambia avune mapema, tunda likiwa ndo kwanza linaanza kubadilika rangi. Akavuna. Nikamwambia atandike nyasi laini na magazeti ndani ya tenga. Akatandika. Nikamwambia asijaze mpaka nyanya zipite ukingo. Akapunguza. Hasara ikashuka kidogo tu. Nikaanza kufikiria kumwambia abadili mbegu msimu unaofuata, na bei ya mbegu chotara siku hizi mnaijua. Yaani nilikuwa nakaribia kumtoa hela mfukoni kwa tatizo ambalo halikuwa shambani.

Aliyenizindua ni mke wake. Yeye ndiye anayehesabu matenga na kuandika kwenye daftari, na kwa sababu alichoka kubishana na dalali, alianza kuweka alama ya chaki kwenye kila tenga kuonyesha lilikaa wapi kwenye bodi. Siku moja akaniuliza, "Bwana shamba, mbona yanayoharibika ni ya kona moja?" Kweli. Matenga ya nyuma upande wa kulia ndiyo yaliyokuwa yanarudishwa, safari baada ya safari. Nikajibu kitu cha kipuuzi, kwamba labda jua linapiga upande ule. Alinitazama tu, akaendelea kuandika.

Siku niliyopanda mwenyewe

Nikaamua Jumatano moja niende nao mzigo. Tulipakia matenga 22. Tenga moja nilishalipima kwenye mzani wa dalali, lilikuwa na kilo 42. Piga hesabu: kilo 924, na bado hujaweka watu. Kirikuu hizi za Japani zimetengenezwa kubeba kilo 350. Hapo sikusema kitu, maana kila mtu huku anapakia hivyo na mimi nilikuwa mgeni kwenye gari la mtu.

Nikakaa kiti cha abiria, nikavuta mkanda. Ukatoka kama shubiri moja, ukagoma. Nikavuta tena, ukagoma. Dogo akacheka: "Huo haufanyi kazi, bwana shamba. Tukikaribia lami utauweka tu begani na kuukalia, trafiki hawezi kuona." Nikauacha. Mimi huyu, ninayewasumbua kila siku mvae glavu na barakoa mnapopiga dawa.

Tulipofika ule mteremko wa mwisho akatokea bodaboda kwenye kona, amebeba kuni zilizochomoza pande zote mbili. Dogo akakanyaga breki. Nikasikia kitu kimepasuka nyuma, kwaa, kama tawi la mkaratusi. Mkia wa gari ukahama, pua ikaingia mtaroni. Dogo alishikwa na mkanda wake, akabaki kwenye kiti. Mimi nilikutana na dashibodi.

Hatukuwa mbio. Kirikuu yenye mzigo ule kwenye vumbi haiwezi mbio. Lakini mwendo mdogo unadanganya. Gari likisimama ghafla kutoka kilomita 40 kwa saa, mwili wako hausimami nalo, unaendelea mbele kwa mwendo ule ule mpaka ukutane na kitu kigumu, na nguvu yake ni sawa na mtu aliyedondoka kutoka juu mita 6 hivi. Na kirikuu haina pua ndefu ya kupokea pigo. Magoti yako ndiyo yako mbele.

Jino lilinigharimu, na matenga tisa yaliishia kuwa chakula cha nguruwe. Ila kilichoninyima usingizi usiku ule ni kingine. Kile kiti nilichokalia, siku nyingine zote za kwenda lami anakikalia mke wake, mtoto wao wa mwaka mmoja akiwa mapajani.

Fundi alivyosoma gari

Kesho yake aliletwa mzee mmoja ambaye gereji yake ni kivuli cha mparachichi na boksi la spana. Hakugusa kitu kwa dakika kama kumi. Alizunguka gari akitazama, akaniomba ile futi yangu ya kupimia nafasi za miche, akapima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma mpaka ukingo wa chini wa bodi, kushoto na kulia. Kulia palikuwa chini kwa sentimita 4, na gari lilikuwa tupu. Akalala chini.

Kwa ambao hamjawahi kulala chini ya gari: nyuma ya kirikuu, Hilux au Kenta kuna springi za majani, vile vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kama mabati yaliyopinda. Katikati majani hayo yanashikwa pamoja na bolti moja inayoyatoboa yote, mafundi wanaiita senta bolti. Kichwa cha bolti hiyo kinakaa kwenye tundu la ekseli ili ekseli isihame. Halafu yubolti mbili, zenye umbo la herufi U, zinabana springi na ekseli kwa nguvu. Kazi yote ya kubana ni ya yubolti. Senta bolti ni ya kuweka mahali tu.

Sasa yubolti zikilegea, hata kidogo, majani yanaanza kuchezacheza pale katikati, na mzigo wote wa kusukumana unahamia kwenye ile bolti moja nyembamba. Ukipiga breki kali, inakatwa kama karoti. Ekseli upande huo inarudi nyuma, gari linajiendesha lenyewe kuelekea linakotaka. Ndicho kilichotokea.

Mzee akanivutia nje jani la pili la springi ya kulia. Lilikuwa vipande viwili. Akanionyesha pale lilipovunjikia: nusu ya jeraha ilikuwa na kutu ya kahawia, nusu nyingine inang'aa kama kisu kipya. "Unaona bwana shamba? Penye kutu palipasuka zamani. Penye kung'aa ni jana." Kwa hiyo gari lilikuwa linatembea na jani lililopasuka kwa muda mrefu. Kila likiingia shimoni, upande wa kulia springi ilikuwa inazama mpaka chuma kinagonga mpira wa kuzuia, na kishindo kile kinapanda moja kwa moja kwenye matenga ya kona ile. Shokapu ya kulia nayo ilikuwa imelowa oili mwili mzima, imekufa, hivyo baada ya kishindo bodi inaendelea kudunda. Nyanya za chini zinabanwa na uzito, za juu zinarushwa na kugongana.

Daftari la chaki lilishagundua tatizo wiki tatu kabla yetu sisi wenye vyeti.

Vitu unavyoweza kupima mwenyewe Jumapili

Nimesoma diploma ya kilimo, sio ya magari, kwa hiyo haya nayasema kama nilivyoelekezwa na mzee na kama nilivyokuja kufanya mwenyewe kwenye magari matatu ya vijana wengine. Kutengeneza mwachie fundi. Kugundua ni kazi yako, kwa sababu fundi anaona gari likishaharibika, wewe unaliona kila siku.

Anza na upepo wa tairi. Tairi moja ikiwa laini, gari litaonekana limelala upande huo na utahukumu springi bure. Weka upepo sawa kila upande, egesha sehemu iliyo tambarare, gari likiwa tupu, halafu pima kwa futi kama alivyofanya mzee. Tofauti ndogo ipo kwenye gari lolote la zamani. Ikifika sentimita mbili tatu, kuna jambo.

Halafu tazama springi kwa tochi. Tafuta jani lenye mstari wa kutu uliokatiza, hasa karibu na katikati na karibu na ncha. Tazama kama majani yamepishana, hayako kwenye mstari mmoja. Tazama kuzunguka yubolti: ukiona unga wa kutu mwekundu umetoka kwenye mguso wa vyuma, pale pamelegea na panasagana. Gonga yubolti kwa nyundo ndogo. Iliyokazwa inalia mlio mkavu, iliyolegea inalia kama kopo.

Shokapu usiihukumu kwa vumbi. Vumbi kila gari linalo. Unachotafuta ni oili iliyoshuka na kukamata matope. Ile njia ya kusukuma kona ya gari chini na kuachia ni nzuri kwa mbele: ikipanda na kutulia mara moja, sawa, ikidunda mara mbili tatu, shokapu imechoka. Ila nyuma ya gari la mizigo haikuambii mengi, kwa sababu springi ni ngumu na wewe una kilo 65. Pale pitisha kiganja kwenye tairi. Ukihisi mabonde mabonde kuzunguka tairi, gurudumu limekuwa linaruka badala ya kukanyaga.

Mbele kuna boljointi, tairodi na beringi. Pandisha gurudumu kwa jeki, kisha weka gogo imara chini ya gari. Tafadhali. Jeki ni ya kupandishia tu, usiingize hata mkono chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, ulitikise kama mtu anayeng'oa kisiki. Ikicheza, mwambie mwenzako akanyage breki na utikise tena. Kucheza kukiisha, ni beringi. Kukibaki, ni boljointi au kitu cha jirani yake. Kisha shika kushoto na kulia. Ikicheza hapo wakati juu na chini haikucheza, tazama tairodi, ile mikono ya usukani. Kwa kirikuu, jeki iweke kwenye chesisi. Kwa magari ambayo springi ya mbele inakalia mkono wa chini, jeki iwe chini ya mkono huo, la sivyo springi inaibana boljointi na utaiona nzima wakati imekwisha.

Kelele za bushi zina mtego wake rahisi. Gari linapolia nyii nyii kwenye matuta, nyunyizia maji bushi moja baada ya nyingine huku mwenzako anatikisa bodi. Utakayoimwagia ikanyamaza, ndiyo hiyo. Usimwagie oili chafu ya injini kama wengi wanavyofanya. Itanyamaza wiki moja na oili itakula mpira wote.

Kitu kimoja usiguse kabisa: nati ya katikati juu ya shokapu ya mbele, zile zilizovishwa springi ya duara. Springi ile imebanwa pale. Ukifungua nati bila kifaa cha kuibana, inaruka na inaweza kuua.

Kilichotengenezwa, na kilichokataliwa

Kabla ya mzee kulikuwa na fundi mwingine aliyepita njiani akashauri tuchomelee jani lililovunjika, tuokoe hela. Mzee alikataa kwa hasira kidogo. Chuma cha springi kimepikwa na kupozwa kwa namna yake ili kipinde na kurudi. Ukikichoma kwa moto wa kuchomelea, pembeni ya kidonda panakuwa pakavu kama biskuti, na patakatika safari ya pili. Jani linabadilishwa, halichomelewi.

Tukabadilisha springi za nyuma pande zote mbili, kwa sababu ukiweka mpya kulia na nzee kushoto gari litalala kushoto. Yubolti mpya, senta bolti mpya. Shokapu mbili za nyuma kwa pamoja. Bushi za springi nazo, na hapa nilijifunza jambo: bolti zinazopita kwenye bushi za mpira hukazwa mwisho gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Ukizikaza springi ikiwa inaning'inia, mpira unabaki umesokotwa muda wote na unachanika mapema. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, mzee alirudi kukaza yubolti upya. Majani mapya hujipanga, na kukaza kwa jana kunakuwa kumelegea leo. Hiyo safari ya kurudi ndiyo watu wengi hawaifanyi.

Dogo aliomba kitu kimoja: waongeze jani moja kila upande, "ili ibebe". Hapa mzee aliniachia niseme mimi, labda aliona ninataka kusema. Kuongeza jani hakubadilishi kilo 350. Ekseli ni ile ile, beringi ni zile zile, breki na tairi ni zile zile. Unachofanya ni kuondoa sehemu iliyokuwa inakuonya kwa kulala. Na gari lenye springi ngumu kupita kiasi, ukiwa na mzigo wa kawaida linapiga kama mkokoteni, nyanya zinachubuka kuliko mwanzo.

Nikampigia hesabu ya kilo 350 kwa kilo 42. Matenga 8. Alicheka mpaka akakaa chini. "Bwana shamba, kwa matenga 8 hela ya mafuta hairudi." Tulibishana, na sitawadanganya kwamba nilishinda. Kwa mavuno madogo ya katikati ya wiki anatumia kirikuu, anapakia 8, siku nyingine namkuta na 10 na namgombeza. Kwa mavuno makubwa yeye na majirani wawili wanachanga kukodi Kenta moja. Yale matenga 22 yameisha. Na ukijumlisha springi, shokapu, matenga yaliyomwagika na bei iliyokatwa msimu mzima, nauli ya Kenta haikuwa ghali hata kidogo, ni vile tu ilikuwa inalipwa kwa mkupuo na hasara ilikuwa inalipwa kidogo kidogo.

Sasa ule mkanda

Mkanda wa pointi tatu tunaoutumia leo ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, mwaka 1959, na kampuni ikaruhusu watengenezaji wengine wautumie. Ndani ya lile kasha lililo chini ya nguzo ya mlango kuna springi ya kuurudisha na vizuizi viwili. Kimoja kinashika mkanda ukivutwa kwa ghafla. Kingine kinashika gari lenyewe likipunguza mwendo ghafla au likiinama. Ndiyo maana ukiegesha mlimani mkanda unaweza kugoma kutoka, na ukilifungua kasha na kulilaza mkononi mkanda unakataa kabisa. Watu wengi wametupa kasha zima wakidhani limekufa, kumbe lilikuwa linafanya kazi yake.

Wa dogo ulikuwa na mambo matatu. La kwanza uchafu: vumbi, jasho na maji ya nyanya vilikuwa vimeganda kwenye mkanda na kwenye ile pete ya juu begani, unapita kwa kukwaruza. La pili, ulikuwa umejisokota ndani ya kasha. Mwenye gari wa zamani aliufunga fundo ili usimsumbue, na fundo lile lilivyofunguliwa mkanda ukaingia umepinda. Haya mawili yanatibika. Unauvuta wote taratibu mpaka mwisho, unaubana kwa koleo la nguo usirudi, unaufuta kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida, unafuta na pete, unaacha ukauke kivulini siku nzima ukiwa nje. Usitumie jiki, petroli wala rangi, vinakula nyuzi. Usiweke oili kwenye kasha wala kwenye kifungio. Oili inakamata vumbi, na vumbi la Ilula mnalijua. Kifungio kilichojaa mchanga au mbegu za nyanya kipulizie upepo wa kompresa.

La tatu halikutibika. Tulipouvuta wote nje tukakuta sehemu iliyobanwa na bawaba ya kiti imekatika nyuzi za pembeni, kama nusu upana wa kidole. Dogo akasema fundi cherehani atashona. Hapana. Uzi wa cherehani hauwezi kushika mtu mzima anayerushwa mbele. Mkanda uliokatika, uliochanika ukingo, ulioungua kwa tindikali ya betri, au uliovaliwa na mtu gari likagonga, unabadilishwa wote na kasha lake. Ule uliopita kwenye ajali umeshanyooka na nyuzi zake zimeshatumika, hata kama unaonekana mzuri.

Tulipata mwingine kwa wauza spea za magari yaliyochinjwa. Ukienda huko chukua wa gari la aina ile ile na upande ule ule. Kasha la gari jingine linakaa kwa mwinamo tofauti, litakuwa linagoma muda wote. Uvute wote palepale dukani mbele ya muuzaji. Ukiona sehemu iliyoyeyuka kidogo au iliyokunjamana pale panapopita pete ya begani au ulimi wa kufungia, rudisha, huo ulishamshika mtu. Na bolti zake usizibadilishe na bolti za dukani. Ni ngumu maalumu na nyuzi zake ni za aina yake. Nimeona kirikuu moja mkanda umefungwa kwa bolti ya kitanda.

Kama gari lako ni jipya zaidi na lina eabegi, mikanda mingi ya namna hiyo ina kilipuzi kidogo ndani cha kuubana wakati wa ajali. Huo usiufungue wala kuruhusu fundi wa chini ya mti aufungue. Taa ya eabegi ikiwaka, ni kazi ya mtu mwenye kifaa.

Kupima mkanda kunachukua dakika moja. Uvute wote, utazame pande mbili. Uachie, urudi wenyewe. Uvute kwa ghafla, ushike. Chomeka, usikie mlio, vuta kwa nguvu, fungua, ulimi utoke bila kubembelezwa. Mwisho, kwenye uwanja mtupu, nenda mwendo wa kilomita 15 hivi, shika usukani vizuri, piga breki ya ghafla. Mkanda ushike kifuani. Usiposhika, usibebe mtu kwenye kiti hicho.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakutaka uuvae, na usipouvaa kuna faini. Lakini kama unauvaa kwa ajili ya trafiki, utafanya kama sisi, utauweka begani na kuukalia.

Kuhusu mtoto, tuliongea na mke wa dogo kwa kirefu. Mtoto wa mapajani hakuna mikono inayoweza kumshika gari likigonga, hata mikono ya mama. Na kufunga mkanda mmoja kuwazunguka mama na mtoto ni mbaya zaidi, kwa sababu uzito wa mama ndio utakaombana mtoto kwenye mkanda. Kiti cha mtoto kilichofungwa kwa mkanda mzima kinafaa, lakini kirikuu ina kiti kimoja tu cha abiria, kwa hiyo akikaa mtoto mama hana pa kukaa. Wameamua siku za kwenda lami mtoto abaki kwa bibi yake. Mama mjamzito naye avae, ule wa chini upite chini ya tumbo kwenye nyonga, wa juu upite kati ya matiti. Na vijana wapakiaji wanaokaa juu ya matenga, hao hakuna mkanda utakaowasaidia. Wateremke, wapande bodaboda.

Safari ya kwanza baada ya matengenezo nilipanda tena, matenga 8, mkanda kifuani. Mke wa dogo alikuwa ametangulia lami na daftari lake. Dalali akafunua ya kona ya kulia kwanza, kwa mazoea, akamwaga nusu tenga kwenye turubai akitafuta maji. Hakuyapata. Mama akaandika, akafuta chaki kwa kanga, akaniuliza kama meno mapya yanauzwa wapi.

Bado sijayanunua. Mahindi ya kuchoma nala kwa upande.